Je, njaa ya miezi miwili imeandikwa kwa mwanangu?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Morogoro, na nina ujauzito wa wiki 20, ambao ni wa kwanza. Mama yangu mzazi alifariki dunia nikiwa na ujauzito wa wiki saba, baada ya kuugua kisukari aina ya pili kwa miaka mingi na hatimaye kukatwa mguu. Kwa sababu ya msiba huo, na kwa sababu ya kichefuchefu kilichonianza wiki hiyohiyo, kwa muda wa karibu miezi miwili sikuweza kula chakula cha maana. Asubuhi nilijilazimisha kunywa uji wa ulezi vijiko vitatu nikautapika, na mchana nilishinda nikinyonya ndimu. Nilipungua kutoka kilo 63 hadi kilo 60. Kichefuchefu kimekwisha, kilo zimerudi, na muuguzi wa kliniki anasema mapigo ya moyo ya mtoto ni mazuri.

Wiki mbili zilizopita wifi yangu alimleta nyumbani muuzaji wa virutubisho. Bwana huyo alinieleza kwamba kuna sayansi mpya iitwayo epijenetiki, ambayo imethibitisha kuwa njaa ya mama huandikwa katika vinasaba vya mtoto, kwamba kisukari cha marehemu mama yangu tayari kimepigwa muhuri ndani ya mwanangu, na kwamba hata wajukuu zangu watakikuta. Alinionyesha kwenye simu yake picha za watoto wa Uholanzi waliokondeana wakati wa vita. Kisha akatoa pakiti za unga wa kijani, ambazo dozi yake ya miezi mitatu ni shilingi 420,000, akidai kwamba unga huo hufuta alama mbaya na kufungua jeni nzuri. Sharti lake ni kwamba niache vidonge vya kliniki kwa kuwa vinagombana na unga wake.

Mume wangu alikwisha kulipa shilingi 150,000 za mwanzo. Mama mkwe anasema sayansi hiyo inarudia tu waliyoyasema wazee, kwamba laana hufuata damu. Vidonge nimeviacha kwa siku nne sasa, ingawa unga wenyewe bado sijauonja, kwa sababu moyo unakataa. Baiolojia niliyosoma mimi iliishia kidato cha nne, na ninachokikumbuka ni Mendel, yule mtafiti wa urithi, na njegere zake. Naomba unieleze kwa lugha nyepesi: epijenetiki ni kitu gani hasa, na je, nimemharibu mwanangu?

Mama mtarajiwa, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Kabla sijaeleza lolote, naomba urudie vidonge vyako vya kliniki leo hii, na ule unga usiukoroge hata pakiti moja. Sababu nitazitoa huko mbele, lakini jambo hilo lisisubiri maelezo. Na swali lako la mwisho nalijibu kwanza, kwa kuwa najua ndilo linalokunyima usingizi: hapana, hujamharibu.

Mendel na njegere zake si haba, maana ndipo pa kuanzia. Karibu kila seli ya mwili wako ina uzi wa vinasaba, yaani DNA, ambao ukinyooshwa unakaribia urefu wa mita 2, nao umekunjwa ndani ya kiini kidogo kisichoonekana kwa macho. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu, na ndani ya maandishi hayo zimo jeni zipatazo 20,000 zinazouelekeza mwili namna ya kutengeneza protini zake. Sasa tazama ajabu yake: seli ya ini lako na seli ya jicho lako zina maandishi yaleyale, herufi kwa herufi, na bado ini halioni wala jicho halichuji sumu. Kila seli inasoma kurasa zake na kuziacha nyingine zimefungwa. Mendel alishughulika na maandishi yanayorithiwa. Epijenetiki inashughulika na swali la kurasa zipi zinasomwa, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Neno lenyewe si geni kama muuzaji wako anavyodhani, kwani lilibuniwa na Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942.

Mimi nilisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, Pangani, kabla sijaiona shule ya serikali, kwa hiyo mfano unaonijia ni wa irabu. Chukua konsonanti tatu, k, t na b, uziandike kwa herufi za Kiarabu bila kitu kingine. Msomaji mmoja atasoma kitabu, wa pili katibu, wa tatu katiba, na mwingine mwenye dhamiri nzito atasoma kutubu. Konsonanti hazikubadilika, kilichoamua ni alama zilizowekwa juu na chini yake. Katika maandishi ya Kiarabu ipo pia sukuni, kile kiduara kidogo kinachoituliza herufi. Seli nayo ina sukuni yake: ni kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili, chenye kaboni moja na hidrojeni tatu tu, ambacho hubandikwa juu ya herufi C ya vinasaba, na pale kinapobandikwa kwa wingi mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. Alama nyingine hukaa kwenye protini ziitwazo histoni, ambazo uzi wa vinasaba huzizunguka kama uzi wa cherehani unavyozunguka kigurudumu chake. Uzi ukikazwa hausomeki, ukilegezwa unasomeka. (Mfano wa irabu unaishia hapo, usiusukume mbali: jeni haibadiliki ikawa neno lingine, bali hupazwa au hutulizwa.)

Ukitaka kuliona jambo hili likitendeka, huna haja ya kwenda Uholanzi, kwa sababu linatendeka tumboni mwako. Damu ya mwanao hivi sasa hutumia aina ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya watoto wachanga, ambayo ina uwezo mkubwa wa kuvuta oksijeni kutoka katika damu yako. Akishazaliwa, jeni ya hemoglobini hiyo itatulizwa polepole, methili ikiwa miongoni mwa alama zinazoituliza, na jeni ya hemoglobini ya watu wazima itashika kazi. Ndiyo maana mtoto mwenye seli mundu huonekana mzima katika miezi yake ya mwanzo, kisha ugonjwa ukajitokeza pale hemoglobini ya kichanga inapopungua. Dawa ya hydroxyurea wanayopewa wagonjwa wengi wa seli mundu husaidia kwa sehemu kwa kuiamsha tena jeni ile iliyolazwa. Wanaorina asali nao wanalijua jambo la namna hii bila kulipa jina: majana ya nyuki walio ndugu wa mama mmoja huweza kuwa vibarua au malkia kulingana na chakula wanacholishwa, na mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kukizima kimeng'enya kimoja kinachobandika methili kulitosha kuwafanya majana wengi wakue wakielekea umalkia.

Sasa nije kwenye Uholanzi, maana huyo bwana hakudanganya katika kila neno, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kisifike magharibi mwa nchi hiyo, mgao wa mtu mzima ukashuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku, na watu wapatao 20,000 wakafa. Njaa ile ilianza na kuisha katika tarehe zinazojulikana, na kumbukumbu za hospitali zilihifadhiwa, kwa hiyo watafiti waliweza kumtambua nani alitungwa mimba wakati wa njaa, nani alikuwa amebakiza wiki chache azaliwe, na nani alikuja baada ya chakula kurudi. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya vipimo vya damu ya watu 60 waliotungwa mimba katika njaa, kila mmoja akilinganishwa na ndugu yake wa jinsia ileile ambaye hakuipitia. Takribani miaka 60 baadaye, alama za methili kwenye jeni moja inayohusika na ukuaji, iitwayo IGF2, zilikuwa bado zimepungua. Kwa waliokumbwa na njaa karibu na kuzaliwa, jeni hiyo haikuonyesha tofauti.

Ni matokeo mazito, na ningekuwa mwongo nikikuambia si kitu. Lakini angalia ukubwa wake. Upungufu ule wa methili ulikuwa wa takribani asilimia 5 ya kiwango cha ndugu zao, yaani tofauti inayoonekana tu unapowakusanya watu wengi na kuchukua wastani, wala huwezi kumchukua mmoja wao ukamsomea hatima yake kwenye karatasi ya maabara. Ni kweli pia kwamba kundi lililopitia njaa tumboni lilipata matatizo ya sukari na unene kuliko wenzao. Hatari iliongezeka kwa kundi, lakini wapo wengi miongoni mwao waliozeeka bila kisukari. Muhuri haufanyi kazi namna hiyo.

Tena njaa yako haikuwa njaa yao. Wale akina mama walikosa chakula kwa miezi baada ya kuwa na lishe ya vita kwa miaka kadhaa, na walikosa pia makaa ya kuwasha moto katika baridi kali. Wewe uliingia katika ujauzito ukiwa na akiba mwilini, ukapungua kilo tatu, kisha ukazirudisha. Kufikia wiki ya 12 mtoto ana uzito wa gramu 15 hivi, karibu sawa na kijiko cha chakula kilichojaa maji, na mahitaji yake kwa wakati huo mwili wa mama huweza kuyatoa kwenye akiba yake. Kichefuchefu cha mimba changa huwapata wanawake wengi mno, na wengi wao huzaa watoto wenye afya. Ungekuwa umepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako, au umeshindwa kuhifadhi hata maji, ningesema ulipaswa kulazwa na kuwekewa dripu, na ningewagombeza walio karibu nawe. Hukufika huko.

Hata mahali ambapo mabadiliko ya chakula ni ya kila mwaka, mambo si mepesi kama anavyoyasimulia. Huko Gambia, katika vijiji vya Keneba na jirani zake, wakulima hula vizuri wakati wa kiangazi baada ya mavuno, na wakati wa mvua nafaka hupungua ghalani huku kazi ya shamba ikizidi. Watafiti waliokaa nao kwa miaka mingi walipima watoto waliotungwa mimba katika misimu hiyo miwili, wakakuta alama za methili katika baadhi ya sehemu za vinasaba zikitofautiana, na waliozidi alama ni wale wa msimu wa mvua. Walipopima damu za akina mama, waliona uhusiano na virutubisho kama folati na vitamini za kundi B, si na wingi wa ugali peke yake. Kumbe mama anaweza kushiba asipate anachohitaji, na mwingine akapungukiwa nafaka huku majani ya shambani yakimsitiri.

Kuhusu laana inayofuata damu, mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba mwili una kawaida ya kufuta ubao. Baada ya yai na mbegu kukutana, alama nyingi za epijenetiki zinazotoka kwa wazazi hufutwa, na hufutwa mara nyingine katika seli zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za mtoto huyo. Baadhi husalia, lakini ni chache. Kuna jambo moja analoweza kulishika kama hoja: ikiwa umebeba mtoto wa kike, basi katika wiki hii ya 20 tayari anayo mayai yake yote, mamilioni kadhaa, kwa hiyo unachokula leo kinapita jirani na chimbuko la wajukuu zako. Hata hivyo, jirani si ndani. Kwa binadamu, madai kwamba alama hizi hupita kizazi baada ya kizazi bado yanabishaniwa vikali na wanasayansi wenyewe. Kisukari aina ya pili kinaandama koo kwa njia zinazojulikana vizuri zaidi: tofauti nyingi ndogondogo za herufi za vinasaba, ambazo hakuna unga unaozigusa, na jiko moja. Binti hurithi kwa mama yake mkono wa kupika, kiwango cha sukari kwenye chai, na soda ya kila mgeni anapofika.

Sasa unga. Zipo dawa ambazo kweli huondoa alama za methili, nazo ni azacitidine na decitabine. Hutibu baadhi ya saratani na magonjwa ya damu, hutolewa na madaktari bingwa, nazo hazichagui jeni mbaya na kuiacha nzuri, bali hufuta popote zinapofika. Mjamzito hapewi, kwa kuwa zinaweza kumdhuru mtoto anayejengwa wakati huo kwa alama hizohizo. Kwa hiyo muulize huyo bwana swali moja tu: unga wako unafuta alama, au haufuti? Kama haufuti, shilingi 420,000 ni za nini? Na kama unafuta, nani amekuruhusu kuuweka kinywani mwa mama mjamzito? Sitashangaa ikiwa ndani ya pakiti mna majani ya mlonge yaliyosagwa, ambayo sokoni bei yake unaijua.

Uovu mkubwa kuliko bei ni kukuachisha vidonge. Vile vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma na asidi ya foliki. Chuma kinakukinga na upungufu wa damu, ambao kwa mama anayekaribia kujifungua ni hatari ya kweli. Asidi ya foliki nayo ni mojawapo ya malighafi ambazo mwili huzitumia kutengenezea zile methili tulizozizungumza, kwa hiyo mtu anayejiita mtaalamu wa epijenetiki amekunyang'anya kitu ambacho epijenetiki yenyewe ingekusihi ukimeze. Usivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai hupunguza chuma kinachoingia mwilini; tumia maji, au juisi ya ndimu ambayo tayari mmezoeana. Siku nne ulizokosa hazijaleta madhara. Kwenye sahani weka mchicha au matembele, maharage au kunde, mayai, dagaa. Mtu akisema wewe unakula kimasikini, mwache aseme.

Umetaja msiba, na nimeona umeutaja kwa sentensi moja tu kisha ukakimbilia chakula. Huenda unachokiogopa zaidi ni kwamba kilio chako kimemfikia mtoto. Katika Chuo Kikuu cha McGill, jijini Montreal, watafiti waliwachunguza panya, na mwaka 2004 walichapisha kwamba watoto wa panya wanaolambwa sana na mama zao katika wiki ya kwanza hukua wakiwa watulivu zaidi, na kwamba alama za methili kwenye jeni inayosaidia kutuliza homoni za hofu hutofautiana na za wale wasiolambwa. Kisha wakawabadilisha watoto: waliozaliwa na mama asiyelamba wakapewa mama anayelamba, nao wakapata alama za mama mlezi. Panya si mtu, na sitaki upime mapenzi yako kwa maabara. Ninachokuonyesha ni kwamba uandishi huu hauishii kwenye wiki ya saba. Kumbeba, kumnyonyesha na kumwimbia nako kumo. Mlilie mama yako bila kumwogopa mtoto, na kama kilio kinazidi kukubana badala ya kupungua, mwambie muuguzi waziwazi, kwani kliniki husaidia na hilo pia.

Mume wako usimlaumu. Alilipa kwa hofu, kama ulivyoacha vidonge kwa hofu. Msomee barua hii, kisha arudi kwa muuzaji pamoja na dada yake, maana aliyemleta ndiye anayejua anapopatikana, adai zile shilingi 150,000. Pakiti moja msiirudishe. Ichukueni kliniki, muuguzi aone kilichoandikwa juu yake, na kama imeuzwa kama dawa bila usajili, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ipo kwa ajili ya kazi hiyo.

Kuna jambo moja la kisukari linalokuhusu wewe hasa, na katika maneno yote ya muuzaji halikutajwa. Mwanamke ambaye mzazi wake alikuwa na kisukari yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha ujauzito, na sukari ikipanda wakati huo humwathiri mtoto moja kwa moja, kwa namna inayoweza kupimwa na kudhibitiwa. Kipimo chake hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: unapimwa damu ukiwa hujala, unanywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unapimwa tena. Wiki ya 24 kwako ni mwezi ujao. Mwambie muuguzi leo kwamba mama yako alikuwa na kisukari, ahakikishe imeandikwa kwenye kadi, na mpange tarehe. Siku hiyo usinywe chai kabla ya kwenda, beba mkate na yai la kuchemsha kwenye mkoba kwa ajili ya baadaye, na mumeo akusindikize, ile pakiti ya kijani ikiwa mfukoni mwake.